Kilomita Kumi na Moja za Rwangara

Kila Alhamisi saa mbili asubuhi, wanawake wenye mimba wa Rwangara walikaa kwenye mabenchi ya kanisa la udongo, na Annonciata akawapima tumbo mmoja mmoja kwa utepe wa mshona nguo. Alikuwa amesomea ukunga miaka miwili kwenye materinite, nyumba ya kuzalishia ya misioni, kisha akarudi kijijini kwao na cheti, mkasi, chupa tatu za dawa na aproni nyeupe ambayo hakumruhusu mtu mwingine aifue. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mume hakuwa naye, na watu walikuwa wameacha kumuuliza.

Akimaliza kupima alifundisha. Kula maharagi na mboga za lengalenga, na yai ukilipata usimpe mgeni. Kuanzia mwezi wa saba usipande mlima na mtungi wa maji kichwani. Watu wengine wa nyumbani nao wana miguu. Tayarisha kitunga mapema: vitambaa viwili vilivyochemshwa na kuanikwa juani, wembe mpya usiofunguliwa, uzi, sabuni, nguo ya mtoto. Watafute wanaume wanane wa kubeba ngobyi, ile machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa, nao waambiwe siku. Ukivimba uso na mikono, ukiumwa na kichwa kisichotulia, ukiona nyota mchana, ukiona damu, usingoje siku, usimwombe ruhusa mama mkwe. Ondoka.

Somo la mwisho lilikuwa la barabara. Kutoka Rwangara mpaka materinite kulikuwa na kilomita ishirini na nne, na mawe yaliyopakwa chokaa yalisimama kando kuonyesha kila moja. Hizo zilikuwa kilomita za wanaume, za wasichana, za wazee na za mbuzi. Mwanamke mwenye mimba alikuwa na zake. Mwezi wa tano zilikuwa ishirini na saba, mwezi wa saba thelathini, mwezi wa tisa thelathini na tano. Nyongeza yote ilikuwa kati ya jiwe la kumi na nne na jiwe la kumi na tano. Aliyefuatana na mwanamke mwenye mimba alitembea barabara ya mwanamke huyo; aliyepita peke yake alivuka kutoka jiwe hadi jiwe kwa robo saa.

Wanawake walisikiliza na kuhesabu kwa vidole, kama wanavyohesabu siku za kupanda mahindi. Mama zao walilijua jambo hilo, na bibi zao pia. Ila hakuna aliyekuwa amelipima. Annonciata ndiye aliyewasindikiza wanawake kumi na sita, akihesabu hatua, mpaka akapata jedwali la kila mwezi. Sehemu ile haikuwa ya kutisha. Kulikuwa na mteremko wenye magugu marefu, vijito viwili visivyo na jina, na bonde ambalo mtu hakuwahi kulilima. Wengi walikuwa wamezalia hapo. Mtoto alipotoka, barabara ilirudi kuwa fupi, na mama akajikuta amekaa kwenye nyasi karibu na jiwe la kumi na tano, mtoto mikononi, awe analia au halii.

Mwaka wa 1952 Annonciata aliandika barua kwa Leta, yaani serikali. Aliiandika kwa Kifaransa, na Masera, mtawa aliyesimamia materinite, akasahihisha makosa manne. Hakuomba barabara ifupishwe. Alijua hilo haliombwi. Aliomba nyumba ndogo ya miti na nyasi katikati ya zile kilomita kumi na moja, yenye kitanda, kuni na chungu cha kuchemshia maji, ili mwanamke akishikwa na uchungu hapo apate paa. Aliambatanisha jedwali lake, pamoja na majina ya wanawake wote wenye mimba kijijini na miezi yao, ili Leta ione kwamba hasemi uongo.

Baada ya miezi miwili alikuja mpimaji wa barabara, Mzungu mwembamba mwenye miwani, pamoja na karani wake Kanyamibwa na mnyororo wa kupimia. Siku ya kwanza walipima na vibarua wawili, wakapata kilomita ishirini na nne. Siku ya pili walimwomba mwanamke wa mwezi wa tisa atembee nao, wakapata thelathini na tano. Mpimaji alirudia hesabu, akafuta miwani, akaandika namba zote mbili kwenye daftari. Alimwambia Annonciata kwamba jedwali lake lilikuwa sawasawa, ila kwenye mwezi wa sita alikosea mita mia mbili. Annonciata alimshukuru, akasahihisha.

Jibu lilifika mwezi wa tisa wa mwaka huo. Karangwa, kapita aliyesimamia kazi za barabara, alilisoma mbele ya kanisa watu walipotoka misa. Leta ilikuwa imegundua kwamba kilomita kumi na moja za barabara yake hazijawahi kufyekwa wala kuchimbwa mitaro. Kwa hiyo wanaume wa Rwangara wangezitengeneza kila Jumanne na Jumatano, juu ya siku walizokuwa wakifanya tayari. Na kwa kuwa sehemu hiyo haifunguki bila mimba, kila siku ya kazi mwanamke mmoja wa mwezi wa nane au wa tisa angepelekwa huko, akae mpaka kazi iishe. Angepewa kiti. Kuhusu nyumba, barua haikusema kitu.

Annonciata alidhani kuna ukurasa wa pili. Alimwomba Karangwa ageuze karatasi. Karangwa akaigeuza, na nyuma ilikuwa nyeupe.

Jina la kwanza kwenye orodha, iliyonakiliwa kutoka barua ya Annonciata, lilikuwa la Mukashema, mke wa Straton. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Annonciata, nao wawili walikuwa wamelelewa katika jiko moja. Mukashema alikuwa na binti wa miaka sita, Emérence. Baada ya Emérence alizaa mwingine njiani, kwenye kilomita ya tisa ya zile kumi na moja, na huyo hakulia. Kwa hiyo safari hii alikuwa hajakosa Alhamisi hata moja. Kitunga chake kilikuwa tayari tangu mwezi wa sita, kimefunikwa kwa jani la mgomba lililokuwa likibadilishwa kila juma. Maji alichota Straton, na wanaume wengine walipomcheka aliendelea kuchota.

Jumanne ya kwanza wanaume wanane walimbeba Mukashema kwa ngobyi mpaka ng'ambo ya jiwe la kumi na nne, na barabara ikafunguka mbele yao kama kawaida yake. Karangwa akaweka kiti kando. Wanaume wakashuka na majembe na panga. Straton alikuwa kati yao, akichimba mtaro hatua kumi kutoka alipokaa mke wake. Annonciata hakuwa kwenye orodha yoyote, lakini alikwenda pia, akakaa chini karibu na kiti. Jioni walirudi, na nyuma yao mitaro ilifungika pamoja na kilomita zake, ikingoja siku nyingine.

Wakafanya hivyo majuma manne. Kazi ilivyosonga mbele, kiti nacho kilisonga. Mukashema aliingia mwezi wa tisa wa mimba. Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza, na alikaa chini ya mwamvuli wa majani ambao Straton aliusuka. Juma la nne Annonciata alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Akalibonyeza tena pembeni, na hilo nalo likabaki. Akamfuata kapita.

"Papa Kapita, huyu mama anavimba. Anapashwa kulala, miguu juu."

"Haiko analima, dada. Iko anakaa tu," alisema Karangwa. "Kiti njo ile."

"Kukaa mu mvua siku nzima haiko kupumuzika."

Karangwa hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita alikuwa amechapwa fimbo nane kwa sababu daraja la miti lilibebwa na maji, na tangu siku hiyo hakuweza kukaa vizuri kanisani. Alitazama chini.

"Nikimuacha aende, njo miye batafunga. Na Straton vilevile. Enda umuulize Kanyamibwa, iko Mushaki."

Annonciata alikwenda Mushaki kwa miguu. Kanyamibwa alimpokea vizuri, akamkaribisha chai yenye maziwa ya Kirolirwe. Alisoma jedwali kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yake.

"Hakuna mwingine wa kukaa?" aliuliza.

"Kuko Verdiane. Lakini yeye iko mwezi wa saba."

"Wa saba anafungua kilomita sita, dada. Mitaro imeshafika ya saba." Akalikunja jedwali polepole. "Uandike barua. Nitaipeleka mimi mwenyewe."

Aliandika palepale, kwenye meza ya karani, bila mtu wa kusahihisha. Kanyamibwa aliipeleka kweli. Ilijibiwa mwaka uliofuata.

Jumanne ya juma la tano Mukashema aliamka uso umevimba. Alikaa kwenye kiti mpaka kazi ikaisha. Waliporudi nyumbani Annonciata aliingia jikoni kwake, akamkuta anammenyea Emérence viazi.

"Dada, tuondoke kesho mapema. Usiende kwa kazi. Tuende ku materinite."

"Kesho njo siku ya kazi," alisema Mukashema. "Nikikosa, Straton atafungwa, na nani atabeba? Sikia vile nimewaza. Kesho nikae. Karangwa amekubali kutuachilia saa tisa. Hatutarudi nyumbani, ngobyi iko pale, wanaume bako pale, tutaendelea mbele. Njia ni ileile."

Annonciata alifikiri. Hesabu ilikuwa nzuri. Ilikuwa hesabu ya mtu aliyefundishwa. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kila Alhamisi kwamba usingoje siku. Akasema, "Haya. Saa tisa." Neno hilo aliendelea kulisikia kwa miaka mingi, katika sauti yake mwenyewe, akiwa anafua au anasali.

Jumatano mvua ilianza kabla hawajafika kwenye jiwe la kumi na nne. Kitunga kilikuwa chini ya kiti, kimefungwa vizuri. Wanaume walichimba. Ilipofika saa tano Mukashema alimgusa Annonciata bega.

"Niko naona nyota nyota," alisema. "Iko ile uliyotufundisha."

"Na kichwa?"

"Tangu asubuhi."

"Mbona hukusema?"

"Nilihesabu masaa. Nikaona yanabaki mane."

Annonciata aliinuka, akamwita Karangwa kwa jina lake, bila cheo. Karangwa alimtazama mwanamke kwenye kiti, akatupa filimbi yake kwenye nyasi.

"Mumubebe," alisema. "Endeni, endeni."

Wanaume wanane walishika ngobyi, Straton mbele upande wa kulia. Mzee Damien, mkubwa wao wote, alifuata nyuma na kijana mmoja wa ukoo wake, majembe yao bado begani. Annonciata alitembea pembeni, mkono mmoja kwenye tumbo la Mukashema. Ng'ambo ya bonde jiwe la kumi na tano lilionekana, jeupe, dogo kama jino.

Kwenye kilomita ya nane degedege lilimshika. Waliishusha ngobyi, wakamlaza kwa ubavu wa kushoto, Annonciata akamwekea kitambaa kati ya meno, kimoja cha vile viwili vilivyochemshwa. Likapita. Mukashema akafungua macho, akauliza kama wamefika kwenye jiwe.

"Bado kidogo," alisema Annonciata.

"Emérence hapendi viazi vyenye ganda," alisema Mukashema.

Likarudi mara ya pili, na ya tatu. Ya nne ilipopita, macho hayakufunguka. Annonciata alichukua pembe ya mti ya kusikilizia mimba, akaiweka kwenye tumbo, akasikiliza kila upande kwa muda mrefu. Moyo wa mtoto ulikuwa umetangulia. Akamsikiliza na mama. Kisha akamfunga kidevu kwa kitambaa cha pili.

Straton hakulia. Alisema tu kwamba wamfikishe kwenye jiwe, watoke kwenye barabara hii, ndipo wampeleke nyumbani. Wakainua ngobyi, wakatembea. Walitembea saa nzima kwenye mvua, wakavuka kijito, wakapanda, wakashuka, wakavuka kijito kilekile. Jiwe lilikuwa bado ng'ambo ya bonde, na lilikuwa bado kama jino. Wakajaribu kurudi walikotoka. Walitembea tena muda mrefu, na hawakukiona kiti.

Mzee Damien ndiye aliyesimama.

"Hii njia inaishaka na kuzaa, ao na kufika," alisema. "Huyu mama hatazaa tena, na kufika hatafika. Hatutatoka naye."

Damien akaendelea, akimtazama Straton kwa huruma.

"Zamani bazee balikuwa banawatenganisha. Mama upande wake, mutoto upande wake. Basi njia inakatika, munamurudisha nyumbani, munamuzika karibu na mulango."

Macho ya wanaume yalikwenda kwenye mkasi wa Annonciata, kisha yakaondoka. Annonciata alijua angeweza. Mikono yake ilikuwa imefundishwa. Akamngoja Straton.

Straton alikaa chini kwenye matope, karibu na kichwa cha mke wake. Alikaa mpaka maji ya mvua yakajaa kwenye kiganja chake kilichokuwa wazi.

"Hapana," alisema. "Ule mutoto asiyelia walitenganishwa naye. Huyu amubakie."

Walichimba upande wa kulia wa barabara kwa majembe yaleyale ya mitaro. Udongo wa huko ulikuwa mwepesi, haujawahi kukanyagwa. Annonciata aliitoa nguo ya mtoto kwenye kitunga, akaiweka juu ya tumbo. Walisali Baba Yetu, wakafunika. Jembe la mwisho lilipoweka udongo wa mwisho, mvua ilikuwa nyembamba zaidi, na wote walikuwa wamesimama hatua ishirini kutoka jiwe la kumi na tano, mikono imejaa matope, ngobyi tupu kati yao. Nyuma kwa mbali, kando ya jiwe la kumi na nne, Karangwa na wanaume wengine walikuwa wamesimama na majembe yao. Walifika nyumbani kabla ya giza.

Kanyamibwa alikuja kuandika kifo. Aliuliza kilitokea kilomita ya ngapi. Annonciata akasema ya ishirini na mbili: kumi na nne, na nane. Kanyamibwa akatazama ramani yake. Kwenye jiwe la ishirini na mbili palikuwa na miti ya mikaratusi ya misioni, na watu wa huko wangeshangaa kusikia kwamba kuna kaburi. Akashika kalamu muda mrefu, mwishowe akaandika: njiani.

Amri haikuondolewa. Kiti cha kwanza kilikuwa kimebaki huko, kwa hiyo Leta ilileta kingine, na mwezi wa kumi na moja akakikalia Verdiane, kwenye kilomita za mwanzo, ambako mitaro ilikuwa imejaa matope.

Annonciata alitaka kulichoma jedwali. Alilishika mbele ya moto jioni moja, akiliona jina la Mukashema kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, wa duara. Lakini wanawake wangeondoka bila kujua umbali wao. Alilinakili upya bila majina, akachoma lile la zamani peke yake.

Straton alitengeneza msalaba wa mti mgumu aliouleta mtu wa Walikale, akachonga jina. Akaenda nao. Kutoka jiwe la kumi na nne hadi la kumi na tano alitumia robo saa. Alirudi nyuma, akapita tena polepole, akiangalia upande wa kulia. Palikuwa na mteremko mfupi na shamba la mahindi la mtu. Alikwenda mara tano. Mara ya tano mwenye shamba alimwuliza kama amepoteza ng'ombe, naye akasema hapana.

Mwezi wa kumi na mbili Verdiane alishikwa na uchungu. Straton alikuwa wa kwanza kufika mlangoni, msalaba mgongoni, akashika mti wa mbele upande wa kulia. Kwenye kilomita ya nane aliomba wamsubiri kidogo. Kaburi lilikuwa hapo, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota. Alisimika msalaba, akang'oa nyasi, akapangusa mikono, akarudi kwenye mti wake. Verdiane alizaa mtoto wa kiume kwenye materinite asubuhi iliyofuata, na wote wawili walikuwa wazima.

Tangu hapo Straton alibeba kila mwanamke wa Rwangara, na wa vilima vya jirani pia. Hakuchagua ukoo, wala mvua. Wageni kutoka Sake walisema kuna mwanamume mwema sana huko juu, na walisema kweli. Annonciata, ambaye alitembea pembeni ya kila ngobyi, aliongeza nusu saa kwenye hesabu yake ya safari, akawaambia wanawake waondoke mapema kwa nusu saa hiyo. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Walipofika, wenyewe walisema, "Papa Straton, pumuzika," wakageuza uso upande mwingine wakati yeye anapalilia.

Ilipofika mwaka wa 1956 alikuwa amebeba wanawake arobaini na mmoja. Mitaro ya zile kilomita kumi na moja ilikuwa safi kuliko yote ya teritwari nzima, maji yalipita vizuri. Nyumba haikuwepo.

Mwaka huo, mwezi wa nne, Verdiane, mwenye mimba nyingine ya miezi tisa, alianza kutoka damu kabla ya siku yake. Waliondoka bila kungoja hata nguo zikauke. Wanaume walikuwa karibu kukimbia, na Annonciata aliwaambia wasikimbie, waongeze hatua tu. Damu ilikuwa imepita kwenye mkeka na kudondoka barabarani. Kwenye kilomita ya nane Verdiane aliinua kichwa, midomo myeupe.

"Papa Straton," alisema, "tusimame. Njo pale pake."

Nyasi zilikuwa zimepanda mpaka kwenye mikono ya msalaba, kwa kuwa miezi mitatu hakuna aliyezaa.

"Hapana, mama," alisema Straton. "Leo hapana. Ulale."

Akauhamisha mti kutoka bega la kulia kwenda la kushoto bila kupunguza mwendo, ili upande ule wa barabara ubaki wazi mbele ya macho yake, na akatazama mpaka shingo ikafika mwisho wa kugeuka. Zilikuwa zimebaki kilomita nne kufika jiwe la kumi na tano, na tisa baada ya hapo.